Mlango Ambao Mzee Ogutu Hakuingia

Ijumaa tarehe 30 Juni 1978, Bwana Zephaniah Ogutu atavua koti lake la kaki, atalikunja, na kulirudisha stoo pamoja na baiskeli ya serikali. Atakuwa ametumika miaka ishirini na tisa kamili. Kumi na mitatu kati ya hiyo ameimaliza hapa kwetu, Kituo cha Lishe, kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba. Jumatatu yake sisi tutakuja kazini kama kawaida na yeye hatakuwako. Nimejaribu kuizoea hiyo habari tangu Pasaka, sijaizoea.

Sista Petronilla, mkubwa wetu, ndiye aliyesema wasifu huu niandike mimi mpishi, kwa kuwa nimekaa na Mzee muda mrefu kuliko wafanyakazi wengine wote. Nilimwambia, Sista, mimi shule niliachia darasa la tatu, nitaandika nini mbele ya wageni? Akasema, "Rael, wewe andika vile unaongea. Mimi nitapiga chapa." Basi nimeandika hapa hapa kando ya jiko, na kama kuna ukurasa una alama ya uji, anisamehe.

Niseme mapema pia kwamba ndani ya wasifu huu kuna jambo moja ambalo si la kupigia makofi. Kuna kosa limeandikwa kwenye faili la Mzee Ogutu tangu mwaka 1969. Limemnyima cheo. Na kosa hilo si lake. Nataka alisikie likisomwa mbele ya watu kabla hajaondoka, kwa sababu akishakwenda kwao nitabaki nalo peke yangu na sitaweza.

Mzee Ogutu alizaliwa Marachi mwaka 1923. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1949 kama mfagiaji wa wodi. Mwenyewe husimulia kwamba alijifunza kufunga vidonda kwa kutazama huku akijifanya anapangusa dirisha, mpaka siku moja daktari akamwambia hilo dirisha limeng'aa vya kutosha, lete bandeji. Akawa mfunga vidonda. Baadaye akapelekwa kusomea mambo ya chakula, na mwaka 1965 akaletwa hapa kuwa mwelimishaji wa lishe. Kazi yake ilikuwa kuzunguka maboma kwa baiskeli, kutazama watoto, na kuwafundisha akina mama.

Wakati huo sisi tulijua mtu anaumwa na malaria, na nyoka, na watu wabaya. Kwamba mtoto anaweza kuugua kwa sababu ya kitu ambacho hakukila, hiyo hatukujua. Mtoto ameshiba ugali, tumbo limejaa, anaumwaje? Mzee hakuanza kwa kutuambia vitamini. Alisema kuna vitu vidogo ndani ya chakula, havionekani, mwili hauwezi kujitengenezea, na ukivikosa nyumba yote inaanguka. Akavipa majina ya kwetu. Kuna ile ya macho, iko kwenye maini, kiini cha yai, mboga za kijani na papai lililoiva. Kuna ile ya fizi, iko kwenye mapera na ndimu. Kuna ile ya mifupa, ambayo mtoto huipata kwa jua la asubuhi, kwa hiyo msiwafungie watoto ndani kama siri. Na kuna ya ngozi, ambayo mtu wa kula ugali mtupu mwaka mzima huikosa, unaona shingo na mikono inakuwa kama magome. Tulipokwisha kuzijua hivyo ndipo akatuambia herufi zake, A na C na D na B, na tukacheka kwamba kumbe tumesoma.

Juu ya mboga alikuwa mkali. Sisi tulikuwa tunachemsha majani ya kunde na mboga ya saga kwa magadi mpaka ziwe laini kabisa, halafu tunamwaga maji nje. Siku moja kwa Mama Benedetta, jirani yangu, alisimama akatazama yale maji ya kijani yakimwagwa na kuku wakikimbilia. Akasema, "Mama, hapa kuku ndio watapata afya. Mtoto ataramba sufuria." Akatufundisha kupika haraka, maji kidogo, mfuniko juu, na mafuta. Mafuta hasa. Alisema ile ya macho bila mafuta ni kama mzigo pale Malaba bila lori: unauona kabisa, lakini hauvuki.

Wanaume wengine walimchukia. Huko Rukala, kwenye semina, mzee mmoja anaitwa Makokha alisimama akamuuliza mbele ya watu, "Wewe mwanaume mzima unafundisha wake zetu kupika. Kwani kwako nani alimwoa mwenzake?" Mzee Ogutu akajibu pole pole, "Kwangu mpishi ni mimi, mzee. Lakini mke wangu Phoebe akisimama mlangoni anaona mpaka Uganda." Watu walicheka mpaka kikao kikavunjika. Mwezi uliofuata huyo huyo Makokha alimruhusu mke wake ale yai, jambo ambalo kwao mwanamke hakuwahi kulifanya tangu dunia iumbwe, na alikuja mwenyewe kutuambia kwamba mke hajafa.

Halafu kuna habari ya Kariuki, dereva wa lori aliyekuwa anapita hapa kwenda mpaka Zaire. Alikuja meno yanacheza na fizi zinatoka damu, amejifunga kitambaa, akiamini amelogwa na mwanamke fulani wa ng'ambo. Mzee akamuuliza tangu Mombasa anakula nini. Nyama, mkate na chai, mwezi baada ya mwezi, tunda hagusi. Akampa mfuko wa mapera na kumwambia, "Huyo mwanamke muombe msamaha. Kula haya." Kariuki alipopona hakusahau. Kila akirudi alituletea debe la mafuta ya mawese, yale mekundu, na kwa mafuta hayo tumepikia watoto wengi sana hapa.

Lakini kazi ambayo Mzee atakumbukwa nayo ni njugu za jioni. Hakuna kitabu kilichomfundisha. Alikuwa anafika bomani wakati kuku wanaingia, mwanga umebaki kidogo. Hasemi amekuja kupima mtu. Anasalimia, anakaa, anatoa njugu mfukoni na kuzimwaga uani. Watoto wanazirukia. Yeye anamtazama yule asiyeruka, yule anayekaa pale pale na kupapasa mchanga karibu na mguu wake. Mama atasema, huyo ni mvivu, huyo ameharibiwa na bibi yake. Mzee anasema, "Hapana, mama. Huyo jioni haoni. Twende naye kesho." Mtoto akiletwa mapema, anapewa maini kidogo na mboga zenye mafuta, na kuanzia mwaka 1974 ile tembe nyekundu laini, baada ya siku chache anaokota njugu na wenzake. Tembe hizo aliziandika moja moja kwenye daftari ili mtoto asipewe mara mbili, maana ikizidi ni sumu. Watoto waliopona namna hiyo ni mia nne na kumi na wawili. Sista amehesabu.

Waliopofuka ni kumi na mmoja. Hao pia wameandikwa. Wa nne katika orodha hiyo ni mtoto wangu Amuron.

Sasa nakuja kwa lile jambo.

Jumatano tarehe 14 Mei 1969 Amuron alikuwa na miaka mitatu na alikuwa na surua siku ya tano. Kwetu wakati ule mtoto wa surua alikuwa anafungiwa chumba cha ndani, giza kabisa, haogeshwi, hapewi mafuta wala yai wala nyama, na mgeni hamwoni. Mama mkwe wangu alinipenda na alimpenda Amuron kuliko macho yake, simlaumu, amekwisha kupumzika. Aliniambia, "Surua haipendi macho ya watu. Akiingia mgeni, mtoto anakwenda." Mimi nilikuwa na woga. Mtoto wangu wa kwanza. Ningeambiwa nisimame kwa kichwa ningesimama.

Mzee Ogutu akaja. Alikuwa amesikia surua imeingia upande wetu. Akasimama mlangoni na baiskeli yake, akauliza, "Mama Amuron, mtoto yuko wapi?"

Nikasema, "Ameenda Nambale kwa nyanya yake."

Wakati huo huo Amuron akakohoa ndani.

Mzee akanitazama. Akauliza, "Nani anakohoa?"

Nikasema, "Ni mbuzi."

Hakucheka, wala hakunifokea. Alitazama ule mlango wa ndani, nadhani muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha akafungua boksi lake, akatoa mayai matatu na kichupa cha mafuta mekundu, akaviweka kwenye kizingiti. Akasema, "Basi huyo mbuzi apewe haya. Na asikae gizani, macho yake yatazamwe kila siku. Nitapita Jumamosi." Akapanda baiskeli.

Mayai nilimpikia mume wangu. Mafuta mama mkwe aliyaficha juu ya dari.

Jumamosi mvua ilinyesha, mto ukajaa, hakuweza kuvuka. Jumatatu nilimtoa Amuron nje kwa sababu alianza kulia namna nyingine. Nilipomfungua ile shuka kwenye mwanga, macho yake yalikuwa kama maziwa. Surua inakula ile ya macho yote iliyo mwilini, na sisi tulikuwa tumemnyima nyingine, na giza likatufichia. Ndani ya siku hizo tano. Ningemtoa Jumatano angekuwa anaona. Daktari alisema hivyo, na Mzee hakuwahi kuniambia hivyo hata siku moja.

Mume wangu Ekisa, ambaye wengi mnamjua kwa kuvusha watu mpakani kwa baiskeli, alikuwa kazini ile Jumatano. Macho ya mtoto yalipoharibika aliniuliza kama mtu wa lishe alikuwa amekuja. Nilimwambia hakuja. Hilo nalo nilisema, kwa mdomo wangu huu. Ekisa akaenda kwa chifu kushtaki. Wakubwa wakamwita Mzee Ogutu ajieleze. Angeweza kusema, mama alinidanganya, alisema mtoto ni mbuzi. Watu wangecheka, kesi ingeisha, na mimi ningetengwa na ukoo. Aliandika maneno machache tu: "Nilifika mlangoni. Nilijua mtoto yumo. Sikuingia." Akapewa barua ya onyo. Mwaka uliofuata walitafuta msimamizi wa eneo lote, na kila mtu alijua ni yeye, lakini kwa sababu ya barua ile wakamchukua mwingine. Anastaafu kwa cheo kile kile alichokuja nacho mwaka 1965.

Miezi sita baada ya macho ya Amuron, Mzee alikuja kunitafuta. Nilifikiri amekuja kunisema. Akasema kituo kinahitaji mpishi, mtu ambaye akimwambia mama mwenzake jambo atamwamini. Nimepika hapa tangu siku hiyo. Kila kundi jipya la wanafunzi likija, yeye huwaambia, "Kuna mlango mmoja mimi sikuingia. Niliogopa kumwaibisha mama wa watu. Ninyi mkisikia kikohozi, ombeni radhi na mwingie." Hataji mlango wa nani. Na mimi niko pale pale, hatua tatu, nakoroga uji, kana kwamba ni habari za Kisumu.

Mwezi uliopita Sista alinipa madaftari ya Mzee ili nitoe tarehe za kazi. Yako ishirini na mawili. Siku hizi nasoma kiasi, nimeingia masomo ya watu wazima, yale ya gumbaru, nafuata kwa kidole. Nikafika 14 Mei 1969. Imeandikwa, "Boma la Ekisa. Kosa langu." Nikageuza. 14 Mei 1970: "Amuron, miaka minne. Anajua sauti ya kengele ya baiskeli yangu." 14 Mei 1972: "Amuron, miaka sita. Nimeandikia shule ya wasioona." 14 Mei 1973: "Wamemkubali." Kila mwaka mstari mmoja. Kumbe ni yeye aliyemtafutia ile nafasi, na sisi tulidhani ni kanisa. Ya mwaka huu inasema, "Amuron, miaka kumi na miwili. Anasoma kwa vidole haraka kuliko mimi kwa macho. Ningeingia."

Nilifunga daftari nikalia mpaka uji ukaungua. Watoto walikula umeungua siku hiyo.

Jumapili iliyopita nilimwambia Ekisa. Miaka tisa mume wangu hajampa Mzee Ogutu mkono. Wakikutana njiani yeye anatazama gurudumu. Nilimwambia yote, Nambale, mbuzi, mayai. Nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye shuka, nikijua huenda nitalala kwa kaka yangu. Ekisa aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akauliza, "Na Ogutu anajua ulidanganya?"

Nikasema, "Anajua tangu ile Jumatano."

"Na miaka hii yote bado anakuita Mama Amuron?"

Nikasema ndiyo. Akatoka nje. Sikujua anaenda wapi. Nikasikia anapampu baiskeli. Akarudi mlangoni akasema, bila kunitazama, "Serikali inachukua baiskeli yake Ijumaa, si ndiyo? Atafikaje Marachi na masanduku? Nitambeba mimi." Kwangu mimi hakuongeza neno, na mpaka leo tunaongea kidogo tu. Nguo zangu bado ziko kwenye shuka. Lakini kiti cha nyuma amekishonea mto mpya.

Basi wakubwa mlioko hapa, na Sista Petronilla, naomba karatasi hii iwekwe kwenye faili la Bwana Zephaniah Ogutu, juu ya ile barua ya onyo, ili mtu akifungua aanze na hii. Mtu wa lishe alikuja. Alikuja kwa wakati. Alileta mayai matatu na mafuta. Aliyemzuia ni mimi, Rael, mke wa Ekisa, na nimeweka dole gumba chini na jina langu pia, kwa mkono wangu. Cheo hakitarudi, najua. Angalau jina lirudi.

Mama zangu, nanyi msinihurumie. Mkirudi nyumbani mfungue vyumba vya ndani. Mtoto wa surua aletwe siku ya kwanza, anyonye, apewe yai na mafuta, atazamwe macho kwenye mwanga. Mwaka 1974 mtoto wangu wa pili, Selpha, alipotokwa na vipele, nilimbeba asubuhi hiyo hiyo mpaka hapa nikikimbia, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mzee mwenyewe alimpa tembe. Leo Selpha ndiye anamshika mkono dada yake, wako kiti cha mbele hapo, mnawaona.

Mwelimishaji mpya, Bi Roselida, ametoka chuoni na anajua mengi kuliko sisi sote. Nimemwomba atembee na njugu mfukoni. Ameniahidi. Hata hivyo, jioni kuku wakiingia, mimi nitakuwa natazama barabara, kwa miezi, labda kwa miaka, nikiitegea sikio ile kengele. Sijui nitajizuiaje.

Mzee Ogutu, asante kwa watoto mia nne na kumi na wawili. Asante kwa wale kumi na mmoja, kwa sababu wewe peke yako uliendelea kuwahesabu. Tunakuombea siku nyingi zenye jua la asubuhi, shamba lenye mapera, na Mama Phoebe mlangoni akikuona kutoka mbali. Wakati Ekisa anakubeba Ijumaa, njia inapita kwetu. Nimemwambia asimame. Amuron atakuwa ndani, ana kikohozi kidogo cha baridi. Ukikisikia, usiniulize kitu, Mzee wangu. Ingia.